Mipira Miwili ya Nyongeza

Mimi si mtu wa kununa. Waulize watu wa kwetu Ujiji. Nikikasirika naropoka hapohapo, nikishamaliza kuropoka tunakunywa chai. Lakini hili jambo la mipira miwili limenikaa kooni mwaka wa pili huu, halishuki wala halitemeki, na ndiyo maana naliandika.

Nilikuwa golikipa wa timu yetu ya mtaa kwa miaka kumi na moja, na kwa miaka sita ya mwisho nilikuwa kepteni. Si timu ya kutangazwa redioni. Uwanja wetu una mteremko upande wa ziwa, na mpira ukitoka vibaya unakwenda kuangukia kwenye dagaa walioanikwa na watu mchangani. Hapo kepteni ndiye anayekwenda kuomba radhi kabla mpira haujarudishwa. Nimetukanwa na akina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kwa Kiswahili, kwa Kiha na kwa Kirundi, nikarudi na mpira kwapani huku watazamaji wakinicheka. Sikuona aibu hata kidogo. Niliipenda timu ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele ya mke wangu.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka nicheze mpaka magoti yaseme basi, halafu nivue jezi yangu mwenyewe, kwa mkono wangu, pale kwenye uwanja wetu wenye mteremko. Shemeji yangu alilijua hilo, kwa sababu nilimwambia mara nyingi mpaka akawa ananimalizia sentensi.

Shemeji huyu, aliyemwoa dada yangu, ndiye mwenyekiti wa timu. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake sokoni Mwanga. Tumekua pamoja, yeye beki, mimi golini, tangu tunachezea mpira wa matambara. Goti lilipomharibikia akaingia kwenye uongozi, na kusema kweli hakuna aliyeifanyia timu kazi kama yeye. Jezi zetu alizishona yeye. Namba moja yangu aliishona mara mbili, eti isije ikabanduka.

Basi msimu ule tulikuwa tunapigwa. Tumeshushwa daraja mwaka uliotangulia, na huko chini nako tukawa tunafungwa na timu zilizoanzishwa juzi. Kikao kiliitishwa kibandani kwa shemeji, tukaketi katikati ya sare za shule ambazo hazijapindwa. Mmoja akasema kocha hafai, ingawa huyo alikuwa kocha wa tatu. Mwingine akasema tumerogwa, twende tukatazamiwe. Wenye shughuli za mjini wakasema sisi wavuvi ni wavivu, na sisi tukataka kupigana nao.

Mimi ndiye niliyeleta dawa. Na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Nusu ya timu tulikuwa watu wa dagaa. Dagaa hufuata taa, na taa ina kazi kukiwa na giza. Mbalamwezi ikichomoza kubwa dagaa hawaji, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanalala kama binadamu. Kila mtu wa ziwani anajua hivyo. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuweka mwezi na mpira pamoja. Nilikwenda na kalenda ya ukutani, ile ya msikitini yenye tarehe za mwezi mwandamo, nikawa nimeandika kwa penseli siku tuliyoshinda na siku tuliyofungwa. Ushindi karibu wote ulikuwa katikati ya mwezi. Mwanzoni na mwishoni, siku za giza, tulikuwa tunaingia uwanjani na macho mekundu, tumelala saa mbili tu tangu tutoke ziwani.

Shemeji aliichukua kalenda akaigeuza-geuza kama mtu anayetafuta kasoro ya mshono. Kisha akasema tatizo si kocha wala uchawi, tatizo ni giza, na timu lazima ijengwe upya kwa watu wanaolala usiku. Watu wa ziwa waachiwe, tuchukue wakulima na mafundi kutoka timu za jirani. Nikapiga meza nikasema naam. Wallahi nilipiga meza.

Mtu mmoja pale pembeni akauliza kama kepteni naye si mtu wa ziwa. Shemeji akacheka, akasema golikipa hakimbii, na akanishika bega mbele ya wote.

"Huyu ni nguzo ya nyumba," alisema. "Unauza mabati, unauza milango. Nguzo huuzi."

Nilicheka kuliko wote.

Sasa lazima nieleze namna sisi tunavyobadilishana wachezaji, kwani timu za kwetu hazina pesa ya kununua mtu. Tunabadilishana mtu kwa mtu. Kama mmoja ni mwepesi wa thamani kuliko mwenzake, upande wenye mtu mwepesi unaongeza kitu: nyavu za goli, pea ya soksi, mpira. Hiyo ndiyo nyongeza. Yote huandikwa katika barua, inatiwa kwenye bahasha ya kaki, inagongwa muhuri juu ya mfuniko, na kepteni anaipeleka kwa mkono. Hakuna kupiga simu. Kwetu barua ya mchezaji ina heshima ya barua ya posa. Ukipiga simu utaambiwa umekosa adabu. Na anayeibeba haifungui. Anakaa, inafunguliwa mbele yake na wenyeji, anapewa jibu, anaondoka. Mimi niliionea fahari kazi hiyo, nilikuwa hata navaa kanzu.

Barua ya kwanza ilikwenda Ilagala. Ilimhusu winga wetu wa kushoto, mwenzangu wa mtumbwi, tuliyevua naye pamoja miaka tisa. Tulikuwa tukimtoa yeye tuletewe kiungo mmoja fundi baiskeli. Na mimi, kwa kuwa mtumbwi ulikuwa wetu sote wawili na sikutaka kwenda peke yangu, nilimwomba anisindikize. Akashika injini akanipeleka mpaka Ilagala, bahasha iko kwenye mfuko wa kanzu yangu na jina lake limo ndani. Nilikuwa najua. Sikumwambia, kwa kuwa nilijiambia ni siri ya uongozi na wakati wake utafika. Alinisubiri mwaloni akipiga soga na wavuvi wa kule, tukarudi tukizungumzia bei ya mafuta ya injini. Jumamosi ile akaja mazoezini, akaambiwa hana jezi. Wiki iliyofuata akasema mgongo unamsumbua, akahamia mtumbwi wa watu wengine. Nami nikaamini ni mgongo.

Wengine wawili wakafuata, barua nikazibeba mimi. Timu ikaanza kubadilika. Wakaja vijana wa shambani wenye mapafu, wanaokimbia dakika tisini halafu wanauliza kama kuna mazoezi kesho. Tulishinda siku ya giza kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na shemeji akanikumbatia akasema kichwa changu kingefaa bungeni. Nilivimba.

Kisha tukahitaji kipa wa akiba. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwona, kijana mrefu wa Mwandiga, mikono mirefu, hana papara. Nikaripoti kwenye kikao kwamba huyu tumchukue, nitamfundisha misimu miwili, nikistaafu anarithi. Wote wakasema sawa. Shemeji akaandika kwenye daftari lake bila kuinua macho. Leo nikikumbuka yale macho yasiyoinuka nataka kujipiga kibao.

Siku ya barua aliniita kibandani. Alinipa bahasha ya kaki, imegongwa muhuri vizuri, na mfuko wa salfeti wenye mipira miwili mipya, bado ina harufu ya duka. Nikauliza mipira ya nini. Akasema ni nyongeza, wale wa Mwandiga wagumu. Nikamwambia kumbe kijana yule mzito hivyo, nikasifia jicho langu, wala sikuuliza tunamtoa nani. Akaniuliza nimeshakula. Alimtuma mtu aniletee chai na chapati mbili, akaketi akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Shemeji hajawahi kuninunulia chapati mbili tangu amwoe dada yangu.

Nilipanda Mwandiga kwa baiskeli, mfuko nimeufunga nyuma kwa mpira wa tyubu. Kile kilima si mchezo. Nilifika kanzu imelowa jasho, nikampata mwenyekiti wao, mzee mmoja mfanyabiashara wa mawese, mtu mpole, kaketi mbele ya stoo yake. Nikampa shikamoo, akanijibu, akaniongezea na salamu ya Kiha, mwakeye, na kunipa kiti. Nikatoa bahasha kwa mikono miwili. Nikauweka mfuko miguuni pake.

Akavaa miwani. Akasoma polepole, midomo ikichezacheza. Akafika mwisho akarudi juu tena. Halafu akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Wewe ndiye mwenyewe?" akauliza.

Nikasema mwenyewe nani, mimi nimeleta barua tu. Mzee akavua miwani. Akasita, nikaona kabisa kwamba anatafuta namna ya kuniokoa, asiipate. Mwishowe akanikabidhi karatasi, akasema kwao si desturi lakini ni bora nisome.

Mwandiko ulikuwa wa shemeji, ule wa kuinamia kushoto. Inasema kwa heshima na taadhima tunawaachia golikipa na kepteni wetu, mwenye kuleta barua hii, kwa kubadilishana na golikipa wenu kijana. Na kwa kuwa umri wake umekwenda, na kazi yake ni ya ziwa, tunaongeza mipira miwili mipya.

Niliisoma mara tatu. Maneno ya kwanza nilikuwa ninaweza kuyameza. Mtu anazeeka, timu inabadilika, sawa. Yale ya mwisho yakanishinda. Yaani mimi peke yangu sikutosha. Ilibidi waongeze kitu ndipo nipokelewe, na hicho kitu nikakipandisha kilimani mimi mwenyewe, kwa baiskeli yangu, nimevaa kanzu. Jamani. Hata mbuzi wa kuuzwa hufungwa kamba, lakini mbuzi habebeshwi nyongeza yake.

Nililia mbele ya mzee wa watu. Naandika hivyo hivyo, nililia. Akaenda ndani, akarudi na maji kwenye kikombe cha bati. Akasema hawezi kunilazimisha, nikitaka kurudi na barua yeye atasema haijafika. Mzee yule hanijui hanifahamu, na ndiye peke yake siku hiyo aliyenipa nafasi ya kuamua. Nikawaza nirudi vipi. Nirudi nikasimame kwenye goli la watu ambao wamekwisha kunipima na mipira miwili? Nikamwambia aandike jibu, nimekubali. Sikulipeleka mimi. Nilimwambia atafute mtu mwingine wa kulibeba.

Nyumbani nilinuna mpaka mke wangu akaniuliza kama ni jino. Nilipomweleza aliuliza swali moja tu, kama dada yangu alijua. Sikutaka hata kufikiria. Baadaye nilisikia kwamba alijua, siku tatu nzima, na alikuwa akilia jikoni, na mumewe alimwambia anyamaze kwa faida ya timu.

Shemeji sikumfuata. Yeye pia hakuja. Tulipokutana sokoni alivuka barabara akajifanya anasoma bango la dawa ya meno. Bango lile liko pale tangu enzi, maandishi yamefutika.

Mwandiga walinipokea vizuri, sina budi kusema. Wakaniita Mzee wa Ziwa, wakawa wananipa ndizi na mihogo ya kurudi nayo. Lakini ukizoea kusimama golini ukisikia maji nyuma yako, uwanja wenye migomba pande zote unakutia kiwewe. Na ikafika ile mechi, Mwandiga na timu yangu ya zamani, na ratiba ikaiangusha katikati ya giza. Kuacha kwenda ziwani nisingeweza. Watoto wanakula giza hilohilo. Niliingia uwanjani na saa mbili za usingizi. Goli la pili nilifungwa nimesimama, nikautazama mpira ukipita ubavuni. La tatu sikuliona. Golini upande wa pili wa uwanja yule kijana mrefu alikuwa anadaka kila kitu, na baada ya mechi alinijia mbio kunipa shikamoo na kusema amesikitika. Nikamwambia amecheza vizuri, na alicheza vizuri kweli, nami ndiye niliyemchagua.

Kwenye benchi la Ujiji shemeji hakushangilia. Alikuwa ameikunja kalenda yangu mfukoni, ile ya msikitini, nikaiona pembe yake ya kijani ikichungulia. Hapo nikajua kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi, na kwamba nisingeweza hata kumwambia amekosea. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Mwisho wa msimu wakapanda daraja. Mtaa mzima ukapiga vigelegele, nami nilivisikia kutoka uani kwangu. Siku ya pili yake shemeji akaja hatimaye, yeye na dada yangu, dada kabeba sufuria la pilau limefungwa kitambaa. Shemeji kabeba jezi namba moja, mpya, ameishona mara mbili kama zamani. Anataka niende kwenye sherehe, nikapewe jezi mbele ya watu.

Dada alikwenda kukaa na mke wangu ndani. Sisi wawili tukabaki uani tumeketi kwenye magogo, na nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa muda mrefu, matusi safi niliyojifunza kwa akina mama wa mwaloni. Hayakuja. Likaja moja tu.

"Ungeniambia. Ningeubeba mfuko uleule, shemeji, ningeupandisha kilima kilekile. Ila ningekuwa najua."

Aliitazama jezi mapajani mwake. Akasema alijaribu, siku ile ya chapati, kila nilipomega kipande alisema sasa namwambia. Akasema aliogopa sura yangu. Nikamwambia huo si uoga, huo ni unafiki, na mtu wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa asingekuwa yeye katika watu wote wa Kigoma. Nikapandisha sauti. Nikamuuliza mtu anawezaje kumlisha mwenzake chapati huku amekwisha kumuuza, anamtazama usoni, ana roho ya namna gani.

Alinisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. Hakunijibu kwa hasira, na afadhali angejibu kwa hasira.

"Na yule mwenzio wa mtumbwi," akasema, "aliyekupeleka Ilagala kwa mkono wake. Wewe ulimwambia lini?"

Jezi akaiacha juu ya gogo. Walipoondoka mke wangu alitoka akanikuta nimeketi palepale, akauliza tumegombana nini. Nikasema hatujagombana. Pilau sikuigusa.

Asubuhi nikashuka mwaloni. Nilimkuta yule mwenzangu wa mtumbwi akiwaanika dagaa, ameinama, anawatawanya kwa kiganja kama alivyofanya siku zote, taratibu wasilaliane. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Nikamsalimia, akaitikia. Nikasimama mbele yake nikamwambia yote, kwamba siku ile ya Ilagala barua ilikuwa yake, kwamba nilijua tangu kibandani, kwamba wazo lenyewe la kuwaachia watu wa ziwa lilitoka kwenye kalenda yangu, nami nikalipigia meza. Sikujitetea. Nilidhani atashtuka.

Akaendelea kutawanya.

"Nilijua tukiwa njiani," akasema. "Ulikuwa huachi kushika mfuko wa kanzu, na ulikuwa hunitazami."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kunipeleka, kwa nini hakugeuza mtumbwi. Hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Nilifikiri utaniambia tukifika. Tulipofika ukaniacha mwaloni. Nikafikiri basi, utaniambia tukirudi."

Akainama tena kwenye dagaa wake. Hakunifukuza, wala hakunipa kapu nimsaidie. Nilisimama pale mpaka jua likaanza kuuma shingo, nikingoja aniambie neno jingine, kisha nikapanda kurudi nyumbani.